Ile X ya Ubao wa Tisa

Imali mwanangu,

Salamu sikuandikii. Nitakusalimuje na uko hapo jikoni, ninakusikia ukimweleza mama yako kwa mara ya tatu mahali ulipoweka dawa yake ya kuchua mguu? Mvua imeanza saa tisa kama kawaida yake, mabati yanapiga kelele, na mimi niko huku stoo ya vyuma. Nimefunga mlango nikasema ninapanga spana. Sipangi spana. Ninakuandikia wewe.

Kesho asubuhi unaenda Nairobi kusomea kazi ya maabara. Mambo ya nauli, ya blanketi, ya kutokula vitu vya barabarani, hayo mama yako na senje zako, dada zangu, wamekuambia mpaka masikio yako yamejaa. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu. Ni langu, lakini miaka mitano hii umelibeba wewe, na ukipanda gari kesho bila kulijua utaendelea kulibeba huko mbele ya watu wageni. Kama nimechanganya l na r mahali, nisamehe, ni ulimi wangu ndio unaoandika.

Kwanza ukumbuke wewe ni mtoto wa nani. Wewe ni binti wa Muchesia. Upande wetu huu mpaka karibu na Shirere, hakukuwa na mtu mwenye trela yake mwenyewe kabla yangu. Wengine walikaa kando ya barabara na miwa yao ikikauka, wakingoja trekta za watu. Mimi nilivuta miwa yangu na ya majirani. Uliza dereva yeyote, kazi ngumu kwa trekta si kwenda mbele, ni kurudisha trela nyuma. Trela ni kama mbuzi wa sokoni, ukimvuta huku anaenda kule. Mimi ninairudisha kwa mkono mmoja na huku ninasalimia watu. Sijisifu. Haya, ninajisifu kidogo. Lakini ninakuambia haya ili ujue nilikuwa mtu anayejua kazi yake. Nisingekuwa ninaijua, barua hii ingekuwa fupi.

Ule mwaka tulirudishiwa kura ya karatasi, tukaacha kupanga foleni nyuma ya watu, wewe ulikuwa darasa la nane. Mbao za trela zilikuwa zimechoka. Miwa hutoa maji matamu, maji yanaingia kwenye matundu ya bolti, na ubao unaanza kuoza kutoka hapo kwenda ndani, huku juu unakuangalia kama mzima. Nilikuwa nikitembea juu yake ninasikia unabonyea chini ya kiatu kama ndizi iliyoiva. Nikasema nitabadilisha zote. Si moja wala mbili, zote kumi na moja, kutoka mbele mpaka nyuma. Nilisema hivyo nje ya kanisa mbele ya wazee, na hakuna aliyeniuliza.

Nikaangusha mkaratusi wangu mkubwa wa kando ya mto. Mtu wa msumeno wa mashine akanipasulia mbao kumi na moja, nene, pana, nyeupe kama maziwa. Baba yako mdogo Ainea akaja kuziangalia. Wewe unajua anavyoangalia mbao, anazigonga na kidole kama daktari.

“Kaka,” akasema, “hizi bado zinalia maji. Zipange kivulini, weka vijiti katikati, weka mawe juu, halafu uzisahau miezi miwili.”

“Zamu yangu ya kuvuna ni mwezi ujao. Miwa nitaibeba kwa kichwa chako?”

“Basi usizianike juani. Mkaratusi ukipigwa na jua unapasuka kama kisigino cha mzee.”

“Wewe ni fundi wa vigoda vya kukamulia ng'ombe. Usinifundishe trela.”

“Trela si ni kigoda chenye magurudumu?”

Watu waliokuwa pale walicheka. Walicheka sana, Imali, mpaka mzee mmoja akashika mti. Kicheko hicho kiliniingia kama mwiba, na sikumtafuta wa kunitolea. Kesho yake nilizitoa mbao zote nikazianika juani kando ya barabara, ili kila anayepita azione. Siku ya nne, mchana, nilikuwa ninakula obusuma, ugali wetu, nikasikia pah! Halafu pah! tena. Tatu zilikuwa zimepasuka kutoka kichwa mpaka mguu. Zikabaki nane.

Ainea alikuja jioni ile, na hakucheka. Ni mimi niliyetaka acheke, ndipo nipate sababu. Akasema ana mbao tatu zilizokauka vizuri, ziko darini kwake, nitume mtu azichukue. Nikamjibu kwamba zangu zinatosha. Akaaga, akaenda.

Mbao nane, nafasi kumi na moja. Nikapiga hesabu yangu: nikipata tatu nzuri katika zile za zamani, nizirudishe, nipake oili chafu juu ya zote, nani atajua? Ndipo nikakuita wewe.

Nilikufundisha mwenyewe kazi ile, na ulikuwa na mkono mwema. Ulichukua sindano ya mama yako ya kushonea magunia. Ukaandika namba kwa chaki juu ya kila ubao, moja mpaka kumi na moja, ukiwa umepiga magoti juu ya trela, na pale karibu na bolti ukasukuma sindano. Ikikataa, ubao ni mzima. Ikiingia, umeoza. Nilikuambia, “Tia alama tu, mimi nitaziona. Ukimaliza nenda zako ukasome.” Ulitia tiki kwa namba mbili na namba sita. Zile tisa zingine ukazitia X.

Sasa nisikilize. Wakati ule nilikuwa nimelala chini ya trela, ninalegeza nati na spana. Ulikuwa juu yangu, ninasikia magoti yako yakisogea. Ulipofika ubao wa tisa, nikaona kwa macho yangu ncha ya sindano ikitokea upande wa chini, karibu na pua yangu, na unga mweusi ukanimwagikia usoni. Nikafumba macho. Nikakusikia ukichora X, chaki ikilia. Nilijua X yako ina maana gani kabla hujamaliza kuichora.

Niliendelea kulegeza nati. Ulishuka ukaenda zako.

Siku tatu nilifanya kazi peke yangu. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, nyingine nilizikata kwa tindo na nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Mbao mpya nilizibana pamoja bila kuacha nafasi, kwa sababu mbao mbichi hunywea na nafasi itakuja yenyewe, hilo Ainea mwenyewe hawezi kulipinga. Vichwa vya bolti nilivizamisha ndani ili visikwaruze. Namba mbili nikairudisha, namba sita nikairudisha. Nafasi moja ikabaki wazi, ile ya tisa, na nikawa ninaiona kila nilipogeuka, kama mdomo uliong'oka jino. Njia ya kwenda kwa Ainea ni hatua mia moja. Sikuenda.

Nikachukua ubao wako wa tisa, nikaugeuza. Chaki ikaangalia chini. Nikafunga bolti, nikapaka oili chafu zote kumi na moja, zikawa nyeusi, zinang'aa, zote ndugu. Nikajiambia ubao mmoja si kitu, na miwa haina miguu.

Miwa haina miguu, lakini Jumamosi iliyofuata trela haikubeba miwa. Ilibeba wanawake wa kikundi cha mama yako, na masufuria, na kuni, kwenda kwenye matanga ya watu wa mama yako kule Khwisero. Mimi mwenyewe nilijitolea kuwapeleka. Nilitaka wakanyage mbao zangu mpya. Niliwaambia wakipanda, “Karibuni, mama zangu, hapa ni sakafu ya saruji!” Ainea alikaa kwenye madigadi ya trekta kando yangu. Wanawake wakaanza kuimba, na mama yako, unamjua, yeye haimbi akiwa amekaa. Alisimama nyuma.

Tulipokuwa tunavuka kile kijito trela iliruka kidogo. Nyuma yangu wimbo ukabadilika. Imali, ninaandika neno hili polepole. Nilidhani wameanza wimbo mwingine. Nilidhani ni wa nguvu zaidi kuliko ule wa kwanza, nikafurahi, nikaongeza mwendo. Ainea ndiye aliyenipiga bega mpaka nikasimama. Mguu wa mama yako ulikuwa umepita katikati ya ubao mpaka kwenye paja, na huku chini ulikuwa umekutana na barabara.

Tulimtoa. Wakaning'oa mimi kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeshika ubao badala ya kumshika yeye. Na ule ubao uliovunjika ukalala pale kwenye nyasi, chali, na upande wa chini ukiwa juu. X yako ilikuwa nyeupe kama umeiandika asubuhi ile.

Ainea akaiona. Akauliza, si kwa ukali, aliuliza tu, “Kaka, hii X ni ya nini?”

Wanawake wote wakaniangalia. Mama yako alikuwa amelazwa kwenye leso, ameuma kidole chake. Na mimi, mtu ambaye hata daktari wa ng'ombe sijawahi kumwambia kwamba kuna kitu nisichokijua, siku ile nikafungua mdomo nikasema, “Mimi sijasoma. Mtoto ndiye alikagua. Si X ni ya kukubali? Si kwa baraza ya chifu tulifundishwa hivyo?”

Wakakumbuka. Kweli baraza ilikuwa wiki chache tu nyuma. Yule bwana wa kura alikuwa ametundika karatasi kubwa, akatuonyesha, umtakaye mtie X, na wasiojua kuandika tulifurahi, kwa sababu X tumeijua tangu zamani. Mimi mwenyewe kila karatasi ya miwa niliwekea X mahali pa sahihi. X kwangu ilikuwa jina langu. Uongo wangu ulikuwa na miguu minne, ukasimama vizuri sana. Mama mmoja akatikisa kichwa akasema, “Watoto wa shule! Anaandika ya darasani na babake anasoma ya baraza. Si angeeleza?” Na hapo, katikati ya barabara, kosa likahama kwangu likaja kwako, na wewe ulikuwa nyumbani unapika, hata hujui.

Ainea aliinama akautazama ubao. Alihesabu. Niliona midomo yake ikihesabu. Maana uongo wangu ulikuwa na tundu, na mtu wa hesabu angeliona: ulitia X mbao tisa, na nane kati yake zilikuwa bado zimelala uani kwangu, Ainea aliziona. Kama X ilikuwa ya kukubali, ningekuwa na mbao nzuri tisa za zamani, na kwa nini nilirudisha moja tu, na zile mbili za tiki? Wewe ni hodari wa hesabu kuliko wote shuleni kwenu, na hukuihesabu hiyo. Nimekaa miaka mitano ninashukuru na kuona haya kwa jambo moja hilohilo, kwamba mtoto hafanyi hesabu juu ya baba yake.

Mama yako alilala kule Mukumu, hospitali ya misheni, wiki nyingi. Walimhudumia vizuri, ni mfupa tu uliovunjika mahali pabaya, ukarudi mfupi. Ulikuja kumwona ukiwa na sare ya shule. Ulinikuta nje kwenye benchi. Ulisimama mbele yangu, mikono nyuma kama mbele ya mwalimu mkuu.

“Baba, X ni mbaya. Tiki ndiyo nzuri.”

“Mimi nitajuaje? Nilisoma wapi?”

“Ningekueleza,” ukasema. Halafu ukalia. “Ningekueleza tu, Baba. Sikufikiri.”

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Benchi ilikuwa yetu peke yetu, hapakuwa na mtu, hata sista hakupita. Nilikupapasa kichwa. Nikakuambia, “Basi, yaishe.” Nilikusamehe, Imali. Nilikusamehe kwa kosa langu, na wewe ukanishukuru.

Halafu ukafanya jambo ambalo sijui nilieleze vipi. Mama yako aliporudi nyumbani na magongo, ulichukua kipande cha zile mbao za mkaratusi zilizopasuka, ukakipaka masizi na maji ya majani, ukakiegemeza hapa stooni. Ukasema, “Baba, nitakufundisha, ili alama isitupoteze tena.” Kila siku ukitoka shule, kabla ya kuchota maji. Ubao wa trela ukawa ubao wa kufundishia. A, ba, che. Mara ya kwanza nilipoandika jina la kitu changu mwenyewe niliandika TLERA, ukacheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile siku. Uliponionyesha jina langu lote, Muchesia, nilitembea nalo mpaka barabarani nikaliandika kwenye vumbi kwa fimbo, mzee mzima, mbele ya watu. Niliwaambia nimejifunza kwa wiki mbili. Ilikuwa miezi minne.

Kila herufi ninayoiandika hapa umenipa wewe kwa sababu ya uongo wangu. Kila jioni ulikaa kwenye debe lile ukinishika mkono, na kila jioni nilikuwa ninajua. Nilikuwa ninajiambia, nikimaliza herufi zote nitamwambia. Nikamaliza. Nikajiambia, akimaliza darasa la nane. Akimaliza kidato. Mwizi akishiba hujiita mgeni.

Nimeona kilichokupata. Ulikuwa mtoto wa maneno machache. Sasa unasema kila kitu mara tatu, halafu unauliza, “Mmeelewa?” Ukimtuma mtu chumvi unamweleza chumvi ni ipi. Kule kisimani walikupa jina, Mwalimu X, na wasichana wakikuona wanachora msalaba hewani. Ulikuwa unacheka nao. Nilikuwa ninaona unavyocheka.

Na ile siku ya wazazi, ulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wako wa sayansi aliniita kando. Akasema, “Mzee, binti yako anajua kila kitu, lakini hamalizi mtihani. Swali la kuweka tiki au X, mwanafunzi anaweka na kuendelea. Yeye anaandika kando yake: ‘Hili ndilo sahihi,’ ‘Hili si sahihi, na sababu ni hii.’ Karatasi nzima. Saa inaisha yuko nusu. Nimemuuliza kwa nini, anasema mtu anaweza kukosea maana.” Yule mwalimu aliona ni ajabu. Akaniuliza kama kuna jambo nyumbani. Nikamwambia hakuna, ni tabia ya ukoo wetu, sisi ni watu wa kueleza sana. Nilijisifu, unaona? Hata pale.

Umefaulu pamoja na hayo yote. Sijui ungefika wapi kama nisingekufunga kamba mguuni.

Na Ainea. Umeniuliza mara nyingi kwa nini siingii kwake, na nimekuambia ni mambo ya mpaka wa shamba. Mpaka wetu hauna neno, mawe yako pale yalipokuwa tangu baba yetu. Siingii kwa sababu anajua. Mwaka ule alinikuta kwenye mto nikinywesha ng'ombe, akasema, “Kaka, sitasema. Si langu kusema. Lakini sitakaa meza moja na wewe mpaka useme.” Nikamwambia aende akachonge vigoda. Nimekosa ndugu miaka mitano kwa ajili ya ubao mmoja aliotaka kunipa bure.

*

Niliacha kuandika hapo. Mvua ilikatika, nikakusikia ukiaga kwamba unaenda kwa kukhu, nyanya yako, kuchukua baraka zake. Nikajua ni sasa. Nilienda jikoni. Mama yako alikuwa amekaa chini, mguu ule ameunyoosha, anachagua maharagwe.

Nilimwambia yote. Sindano, unga machoni, kugeuza, X. Sikuficha hata oili chafu. Alikuwa akiendelea kuchagua maharagwe, na mawe madogo akiyatupa mlangoni, moja, moja.

Halafu akauliza jambo moja tu. “Siku ile, tulipokuwa tunalia, ulitusikia?”

“Nilisikia. Nilidhani ni wimbo.”

“Uliongeza mwendo.”

“Nilidhani ni wimbo, Mama Imali.”

“Miaka mitano nimekuwa nikijiuliza hilo kila nikivaa kiatu,” akasema. “Kama alisikia na akaendelea. Hilo la ubao sikuwa ninajiuliza, mbao huvunjika.” Akafuta mikono. Sikujua kama ni msamaha au ni nini, na sikuwa na uso wa kuuliza. Akasema, “Na mtoto?”

“Ninamwandikia.”

“Mwandikie, mwandikie, umesomeshwa. Lakini wale waliomwita Mwalimu X hawakumwandikia barua. Walimwita mbele ya watu. Kesho asubuhi kikundi chote kinakuja kumwombea safari, wale wale wa kwenye trela. Utasema hapo. Usiposema wewe, nitasema mimi, na mimi sitasema kwa upole.” Halafu akanisukuma na fimbo yake. “Na utoe mguu wako hapo, unakanyaga maharagwe.”

Sikurudi stooni. Nilienda zile hatua mia moja mpaka kwa Ainea. Nilisimama uani kama mtu wa kuuza kitu. Alikuwa anapiga randa, hakuinua kichwa.

“Umekuja kuazima nini?”

“Kesho asubuhi uje nyumbani. Nitasema.”

Akapiga randa mara mbili tatu. “Mbele ya nani?”

“Mbele ya wote.”

“Nitakuja saa moja,” akasema. “Ukibadilisha nia, nitumie mtu, nisivae shati bure.” Ndivyo alivyosema, ndugu yangu. Sikumtuma mtu.

Imali, ushauri wa baba kwa mtoto mimi sina. Ningeweza kukuambia usidanganye, na ungeniangalia namna gani? Ninakuambia tu kile nilichokiona nikiwa chini ya trela. Ulisukuma sindano, ukaona, ukaandika ulichokiona. Mtoto wa miaka kumi na minne. Hukukosea ubao hata mmoja katika kumi na moja. Zile nane zenye X ambazo sikuzirudisha, nilizipasua kwa shoka baadaye kwa ajili ya kuni, na kila mmoja ulikuwa umeoza pale pale uliposukuma. Huko uendako watakupa kioo cha kuangalia damu za watu, na watakuuliza, kuna ugonjwa au hakuna? Utaangalia mara moja, na utajua. Andika. Ukiweka alama, iache isimame. Hukuwa na la kueleza kwa mtu siku ile. Aliyekuwa akisoma alama yako alikuwa anajua kusoma.

Sikuombi unisamehe kabla ya kesho. Utakuwa na haraka na mizigo, na msamaha wa haraka nimeshautoa mimi pale kwenye benchi, najua haufai kitu. Chukua muda wako. Ukiandika miezi mitatu baadaye, au mwaka, au usipoandika, nitasoma hata bahasha tupu.

Nimeandika kwenye karatasi nyingine yale nitakayosoma. Ni mafupi. Nimeandika, “Imali aliweka X kwa maana ya mbovu. Niliona ubao umeoza kabla hajachora. Niliugeuza mimi. Nilisema uongo mimi. Kuanzia leo asiitwe lile jina.” Nimeyasoma mara nne peke yangu na bado neno “niliugeuza” linanishinda, ninaliruka kama shimo.

Barua hii nitaiweka chini ya sanduku lako la nguo, uipate utakapofungua ili kuongeza sweta, maana mama yako atakulazimisha sweta. Kwa hiyo utakuwa umejua kabla sijasimama. Kaa karibu na mama yako, upande wa ule mguu. Watakapokuja wale wanawake wapishe viti vizuri. Na nikikwama kwenye lile neno mbele yao, usininong'oneze.

Baba yako,
Muchesia